Michubuko Isiyo na Mpigaji

Kama umeamka ukakuta alama ya zambarau pajani na hukumbuki ulijigonga wapi, na baada ya siku mbili ukakuta nyingine, nenda hospitali kabla watu hawajaanza kukutafutia mpigaji. Mimi sikwenda. Nilivaa nguo ndefu nikaendelea na kazi zangu.

Naitwa Zaina. Niliolewa mwaka ule ule vita vilipoanza kule kaskazini. Nilizaliwa Rwezamenyo, hapa Kigali, mtaa wetu wa Waislamu ambako tunagombana kwa Kiswahili na kubembeleza watoto kwa Kiswahili. Mume wangu, Sadiki, alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari kule Gatsata, juu ya Nyabugogo, na huko ndiko alikonihamishia, kwenye vyumba viwili nyuma ya garaji. Mama yake, mjane asiyekuwa na mtoto mwingine, alibaki Rwezamenyo, jirani kabisa na mama yangu. Ndiyo maana tulioana. Tulikua tukichungulia ua mmoja.

Ugonjwa ulianzia kwenye fizi. Nikipiga mswaki, mate yanatoka mekundu. Kisha miguuni, chini ya magoti, vikaja vidoa vidogo kama mbegu za ulezi, nikadhani ni viroboto, nikamwaga maji ya moto chumba kizima. Hedhi ikawa haijui kuondoka. Nilikuwa nashona kofia za Ijumaa, zile nyeupe za kutoboa vitundu kwa uzi, na sindano ikinichoma kidole, damu haikatiki. Kofia ngapi nimezifua kwa chumvi, doa likabaki.

Sadiki ndiye aliyeona kwanza kwamba si jambo la kawaida. Siku moja ya mvua alinishika mkono kunivusha mtaro. Asubuhi yake vidole vyake vilikuwa bado vipo kwenye ngozi yangu, vinne upande huu na gumba upande ule, vyeusi kama vimechorwa kwa mkaa. Akavitazama, akaweka vidole vyake juu ya zile alama, vikalingana. Toka siku hiyo akawa anaogopa kunigusa.

"Twende kwa dokta," aliniambia.

"Baada ya harusi ya Mwamini," nikamjibu. Mwamini alikuwa binti wa mama mdogo, na harusi yake ilikuwa wiki ile.

Kwenye harusi hiyo ndiko mambo yalikoharibikia. Tulikuwa tumekaa wanawake watupu, tunapakwa hina, na Hadija, mke wa kaka yangu, akanivuta mkono akakunja shati mpaka juu ya kiwiko.

"Nani amekufanya hivi?"

"Hakuna mtu."

"Huyo hakuna mtu ana vidole vinne na gumba?"

Kaka yangu Kassim ndiye aliyetulea baba alipofariki. Alikuwa dereva wa malori, mtu wa safari za Bujumbura, mwenye mikono mizito na moyo wa haraka. Nilimwapia. Nilimwambia, kaka, wallahi Sadiki hajawahi kuniinulia mkono. Akanitazama kwa huruma iliyoniumiza kuliko kofi.

"Kila mke anayepigwa huapa hivyo hivyo," akasema.

Alikwenda Gatsata na madereva wenzake wawili. Walimpiga Sadiki pale garajini, mbele ya mafundi wote, mbele ya wateja. Walimvunja taya. Mimi nilikuwa bado Rwezamenyo kwa Mama, nikajua kwa kuona vifundo vya mkono wa Kassim alipokuja kuniambia nisirudi, nguo zangu zitafuatwa. Miezi ile Sadiki alikunywa uji kwa upande mmoja wa mdomo. Taya lilipounga liliunga vibaya, likabaki limepinda kushoto, na maneno yake yakawa yanatoka yamepinda.

Mama yake alikuja akasimama mlangoni petu mchana kweupe.

"Mwanangu hajawahi kumpiga hata mbwa!" alisema kwa sauti mtaa mzima usikie. "Mungu awaonyeshe nyinyi. Awaonyeshe humo humo ndani mwenu!"

Mama alifunga mlango.

Basi tulionyeshwa. Nilikuwa nalala kitanda kimoja na Mama, ukutani mimi, yeye nje. Siku moja aliniogesha, maana kichwa kilikuwa kinanizunguka na nilishindwa kuinama. Akanivua kanga, akaona nyongani alama mpya, pana kama sahani, bado nyekundu pembeni. Mama alikaa kwenye kigoda. Maji yakapoa ndoo nzima. Nilijua anachofikiri: Sadiki yuko Gatsata anakunywa uji, na binti yangu amelala ubavuni pangu.

"Unaona, Mama?" nikamwambia.

"Kassim asijue," akasema.

Hivyo tu. Akanifuta maji, akanivisha. Alikuwa anamlinda mwanawe wa kiume asijue amefanya nini, na kwa hilo mimi nikakaa bila dokta msimu mzima wa kiangazi. Nilipelekwa kwa shehe wa kusomea maji. Nilifukizwa ubani. Nikaambiwa ni jini la kike linalonifinya kwa wivu. Na nikaendelea kuvilia damu.

Ilikuwa saa sita mchana nikimenya viazi, pua ikaanza kutoka damu. Nikainamisha kichwa, ikatoka. Nikakiinua, nikawa naimeza. Beseni la viazi likawa jekundu. Kassim alikuwa nyumbani siku hiyo. Alinibeba kama mtoto, akaniweka kwenye gari la jirani, akanipeleka hospitali huku akinishikilia kitambaa puani.

Wenzangu mtakaopita njia hii, jueni kwamba benchi la kusubiria ni sehemu ya ugonjwa. Nilikaa pale na kitambaa chenye damu, na mwanamke aliyekuwa kando yangu akamvuta mtoto wake akamhamishia magoti ya upande wa pili. Akamwambia mwenzake kwa Kinyarwanda, si kwa kunong'ona, "Huyu ni sida." Miaka ile neno hilo, yaani ukimwi, lilikuwa linatosha. Benchi likawa na nafasi kubwa pande zote mbili zangu. Nilipopimwa sida na kukutwa sina, yule mwanamke alikuwa ameshakwenda zake, na hakuna anayetangaza jibu kama hilo benchini.

Dokta alikuwa kijana aliyesomea Ubelgiji, asiyesema sana. Alitaka uboho, yaani ule utomvu ulio ndani ya mfupa. Wanauchukua kifuani, katikati ya matiti, kwa sindano nene inayozungushwa kama keekee. Ganzi inafika kwenye ngozi, ndani ya mfupa haifiki. Sindano ilipoingia nilivumilia. Alipovuta, nilihisi kama kitu kinaniita kutoka kwenye visigino kipitie kifuani kitoke nje, na nikalia sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu. Muuguzi mmoja alikuwa amenishika mabega, akinirudia sikioni, "Ihangane, mdogo wangu, ihangane," vumilia, vumilia. Huyo alikuwa Sista Verediyana. Alikulia Bujumbura, na Kiswahili chake kilikuwa cha kule.

Majibu yalipokuja, dokta alisema maneno machache ya Kifaransa akaondoka, na Sista ndiye aliyetukalisha, mimi, Mama na Kassim.

"Damu iko na vitu vidogo vinaitwa plaketi," alisema. "Ndani ya mfupa kuna chembe kubwa sana, hizo zinavunjika vipande, na vile vipande ndivyo plaketi. Vinatembea kwenye damu vimelala, bapa kama visahani. Mshipa ukipasuka, vinaamka. Vinaota vijimiguu, vinang'ang'ania pale penye tundu, vinaita wenzao, na damu inaganda juu yao. Sasa wewe, mfupa wako iko sawa kabisa, unatengeneza vingi. Lakini mwili wako unavidhania adui. Vikitoka tu, bandama inavila."

"Na alama?" akauliza Kassim. "Zile alama za mwilini?"

"Ndiyo hizo sasa. Kila siku mishipa midogo inapasuka kwa kila mtu, na hatujui, sababu plaketi zinaziba. Yeye hana wa kuziba."

"Kwa hiyo hakupigwa."

Sista alimtazama bila kuelewa. "Apigwe na nani? Huyu hata ukimshika mkono kwa mapenzi, anavia."

Kassim aliinuka akatoka nje. Nilimwona dirishani, amesimama uani katikati ya watu wanaopika, mikono imening'inia kama si yake. Mama alikuwa anaangalia sakafu.

Nikaanzishiwa kotizoni. Dawa hiyo ilinizuia kufa, hilo nalisema kwanza, kisha niseme mengine. Damu ilikatika ndani ya wiki chache. Lakini mvua za masika zilipofika nilikuwa nimefura uso, mviringo kabisa, macho yamezama kama ya mtu aliyelia mwaka. Ndevu laini zikaota mashavuni. Mgongoni, chini ya shingo, nikaota nundu. Njaa ilikuwa njaa ya mnyama. Nilikuwa naiba ugali wa watoto wa Kassim na kuula baridi nyuma ya nyumba. Hadija alinitengea kikombe changu na sahani yangu, ingawa alikuwa amesikia kwa masikio yake kwamba sina la kuambukiza. Wanawake mtaani wakanipongeza kwa mimba. Niliwashukuru. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Na kila dokta alipopunguza vidonge, vidoa vya ulezi vilirudi miguuni. Akiongeza, uso unafura. Akipunguza, fizi zinavuja. Tulikwenda hivyo masika na vuli, vuli na masika, mimi nikiwa nimekaa kwenye benchi lile lile. Ziko huruma ndogo sitazisahau. Bibi mmoja wa kitanda cha jirani alikuwa ananimenyea machungwa na kuyatoa mbegu, kwa sababu fizi zangu hazikuweza kuuma. Hakuwahi kuniuliza nina nini. Alikufa kabla sijajua jina lake.

Mwishowe dokta akasema bandama itolewe. Hapo nikaanza kungoja kwa aina nyingine. Majeruhi walikuwa wanashushwa kutoka kaskazini, na kila nilipopangiwa siku, lori la jeshi linaingia, kitanda kinachukuliwa. Mara moja nilikuwa nimeshavuliwa nguo na kupakwa dawa tumboni, nikaambiwa nivae nirudi nyumbani. Na lilikuwapo jambo jingine. Dokta alitaka damu mbichi, iliyotolewa asubuhi ile ile, maana plaketi hazihifadhiki kwenye friji. Wangenitilia mara tu mshipa wa bandama ukifungwa, isipate kuzila. Na kundi langu la damu lilikuwa la nadra. Damu ya Mama haikufaa. Ya Kassim haikufaa. Mjomba na binamu zangu walipimwa, hakuna.

Nilikuwa namjua mmoja mwenye kundi hilo. Tukiwa wachumba aliwahi kuniambia kwa majivuno kwamba hospitali humwita mara kwa mara, kwa kuwa damu yake ni adimu mjini. Sikusema. Mama ndiye aliyesema, tukiwa wote kitandani pangu, "Sadiki."

Kassim alivaa koti lake. Mama akamfuata, maana aliogopa watamuua kule, na yeye ndiye aliyenisimulia.

Walimkuta Sadiki anagonga mlango wa pikapu. Mafundi walipomtambua Kassim, wakaacha kazi mmoja mmoja, nyundo zikanyamaza. Sadiki hakusimama.

"Zaina anakufa," Kassim akasema.

"Poleni."

"Anahitaji damu. Yako."

Sadiki akaweka nyundo chini. "Siku ile ulikuja hapa na maneno mengi. Leo umekuja na machache. Niambie nilimfanya nini dada yako."

"Hukumfanya kitu."

"Wenzangu hawasikii."

"Hukumfanya kitu! Nilikupiga bure."

"Wale wa kule nyuma hawajasikia."

Kassim alirudia. Akatakiwa arudie tena. Mara ya mwisho Mama akaanza kulia na kumwomba Sadiki kwa jina la Mtume amwache. Sadiki akaenda kwenye pipa, akanawa mikono kwa petroli, kisha kwa sabuni, polepole, kila kidole.

"Nije saa ngapi?" akauliza.

Alikuja asubuhi. Nilimwona akiingia wodini, amevaa shati lake jeupe la Idi. Macho yake yalinipita. Yakaenda kitanda cha pili, cha tatu, yakarudi, yakanipita tena.

"Namtafuta Zaina," alimwambia muuguzi.

"Ni mimi," nikasema.

Alisogea. Alinitazama huo uso wa mviringo, hizo ndevu, hiyo nundu, na mimi nikalitazama lile taya. Hatukuwa tumeonana toka harusi ya Mwamini.

"Sikuwahi kusema umenipiga," nikamwambia. "Niliapa."

"Najua. Nilisikia uliapa."

"Nikipona, Sadiki, nitarudi Gatsata."

Alikuwa anayakunjua maneno mdomoni kwanza, kama alivyozoea sasa. "Nakupa damu kwa sababu wewe hukunikosea," akasema. "Lakini kila nikitafuna, namwona kaka yako. Siwezi kulala na wewe kisha nitafune mbele yako, Zaina. Siwezi."

Alilala kitanda cha chumba cha pili wakamtoa damu. Sista Verediyana aliniambia baadaye kwamba ililetwa bado ina joto, na kwamba yeye mwenyewe aliishika mikononi kwenye korido isipoe. Nilipozinduka, Sadiki alikuwa ameshaondoka. Talaka yangu ililetwa na shehe wa mtaa kabla nyuzi hazijatolewa. Niliipokea nimelala, mkono juu ya bandeji nisije nikacheka au nikalia, maana vyote viwili vilikuwa vinapasua.

Siku Sista aliponitoboa kidole kupima, tone lilitoka, likasimama, likakauka. Mimi na yeye tulilitazama kama watu wanaotazama mtoto akipiga hatua. "Nenda nyumbani," akaniambia. "Lakini huna bandama. Homa yoyote, hata ndogo, unakuja hapa siku hiyo hiyo. Usingoje kesho."

Nilifurahia huo uzima zaidi ya nusu mwaka. Uso ulirudi kuwa wangu. Nilishona kofia nyeupe zikabaki nyeupe. Kisha ukaja Aprili.

Wanaojua Aprili ile hawahitaji nieleze, na wasioijua sitawaeleza yote. Nitasema yaliyopita ndani ya nyumba yetu. Vitambulisho vyetu vilikuwa vya watu wanaoruhusiwa kupita kwenye bariyeri, vile vizuizi vya barabarani. Cha Sadiki na cha mama yake viliandikwa Mtutsi. Asubuhi watu walipoanza kuuawa, Kassim alipita uani mpaka kwa Mama Sadiki, yule aliyetuapiza mlangoni, akamwambia, "Mama, ingia kwetu." Alimficha stoo, nyuma ya magunia ya mkaa, na mimi nikawa nalala humo naye, ili mlango ukifunguliwa aonekane mgonjwa tu amelala. Kassim alijaribu kufika Gatsata. Alirudishwa Nyabugogo kwa mapanga. Alijaribu tena kesho yake akarudishwa.

Nilipata homa humo stoo. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya bariyeri nyingi, na hakuna aliyekuwa anakwenda hospitali kupona. Mama Sadiki alinikanda kwa maji aliyopewa ya kunywa. Hakuniita mkwe, hakuniita jina. Alinikanda tu, mpaka homa ikashuka.

Fundi mmoja wa Gatsata aliyekimbia ndiye aliyeleta habari. Alizungumza na Kassim uani, na ukuta wa stoo ulikuwa mwembamba. Alisema Sadiki aliuawa siku za kwanza kabisa, njiani akishuka kuja kwa mama yake. Alisema walimkata usoni, na yeye alimtambua kwa lile taya.

Nilisikia Kassim akianguka.

Ndani, Mama Sadiki hakuweza kulia. Barabarani kulikuwa na vijana wenye mapanga, wakipita na kurudi. Alijaza mtandio mdomoni akauuma, mwili mzima ukitetemeka bila sauti, na mimi nimemshika. Ilikuwa muda mrefu kabla hajautoa.

"Ile damu aliyokupa," akasema kwa pumzi. "Iko humu?"

Dokta alikuwa ameshaniambia. Plaketi za mtu haziishi hata wiki mbili, na chembe nyekundu hazifiki nusu mwaka. Za Sadiki zilikuwa zimekwisha zamani.

"Iko, mama," nikamjibu.

Akauchukua mkono wangu, akaweka vidole viwili kwenye kifundo, pale panapopiga. Alikaa hivyo mchana wote.

Ni miaka sasa. Kassim hayupo tena lorini. Anauza vipuri, na hazungumzi sana. Damu yangu inaganda. Kwa wewe unayesoma ukiwa na vidoa vya ulezi miguuni: inawezekana kupona. Nenda mapema, na nenda na mtu atakayeamini unachosema.

Mama Sadiki anaishi kwangu, hana kwingine. Macho yake yamepungua, ila masikio mazima. Akisikia nakata vitunguu haraka haraka, anainuka kitini, anakuja akipapasa ukuta mpaka jikoni, ananipokonya kisu.

"Utajikata," ananiambia. "Hiyo damu si yako peke yako."

Nampa kisu, vitunguu anamalizia yeye.